Kadi ya Gigabaiti Nane na Darubini ya Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Juni

Nimeamka na azimio. Wiki hii darubini ya baba mkwe inahamia kwangu.

Niandike kwa mpangilio, maana huko mbele watu watataka kujua ilikuwaje. Baba mkwe ni mwalimu mstaafu wa fizikia. Tangu astaafu amejiunga na mradi wa wanasayansi wanaotafuta nyota hafifu, zile ambazo hakuna jicho lililowahi kuziona. Kompyuta zao haziwatoshi. Kwa hiyo unaweka programu yao kwenye kompyuta yako, na wakati huitumii, inapokea fungu la picha za anga, inalichambua na kurudisha majibu. Unajitolea tu, hulipwi hata asante. Mzee ameunda kikosi cha familia. Jana baada ya chakula alitangaza kwamba wa kwanza kikosini kumaliza fungu kubwa atapewa ile darubini ya shaba yenye miguu mitatu ya mbao. Mwisho wa mafungu makubwa ni Jumamosi saa kumi jioni.

Darubini ile! Siku ya kwanza nilipokwenda kwao kujitambulisha, miaka kumi na tisa iliyopita, mzee alinichukua uani na kuniambia nichungulie. Nikaona mwezi una vishimo kama uji unaotokota. Nikasahau kila neno nililofundishwa kusema. Nilisimama pale nimeinama, mdomo wazi, mpaka wakwe wote wakatoka kuniangalia. Mzee akajua amepata mkwe mzito wa kuelewa, na sidhani kama amewahi kubadili mawazo. Mimi nilikuwa sielewi kitu kwa sababu nilikuwa na furaha mno.

Tatizo ni moja. Fungu kubwa linataka kadi ya picha, yaani kile kifaa ndani ya kompyuta kinachochora vitu kwenye skrini, yenye gigabaiti sita za memori zilizo wazi. Kadi yangu ina nane. Imeandikwa kwenye boksi, na boksi ninalo, liko juu ya kabati. Programu inasema inaona moja na kidogo. Nimewasha upya mara tano. Moja na kidogo.

Nimewaandikia kwenye jukwaa lao la msaada, kurasa tatu, kwa lugha kali lakini ya heshima. Nimejibiwa kwamba ujumbe wangu umepokelewa na unashughulikiwa. Mimi ni mtu wa dawati la malalamiko, idara ya maji. Sentensi hiyo naijua vizuri. Ninayo kwenye muhuri.

Jumanne, 4 Juni

Asubuhi kabla ya kazi nimekaa kidogo mbele ya anga yangu. Haya ndiyo mapumziko yangu pekee. Ni pambo la kompyuta, linajiwasha lenyewe ukiwasha mashine, linajaza skrini zote mbili: mawingu ya nyota, zambarau na dhahabu, yakizunguka taratibu hata huwezi kusema yanazunguka. Ukitazama muda mrefu kiti kinakuwa chepesi. Chai inapoa. Sauti ya bomba la jirani inatoka mbali sana, kama ya dunia niliyowahi kuishi zamani. Leo nimeelea hivyo dakika arobaini. Nimechelewa kazini, na mama mmoja alikuwa amesimama dirishani na dumu tupu, ananisubiri. Nimempigia muhuri.

Mtu wa jukwaani anayejiita Sindano amejitokeza kunisaidia. Hana salamu huyu. Ameniuliza aina ya kadi. Nimejibu. Ameuliza draiva, yaani ile programu ndogo inayoiongoza kadi, ni ya lini. Nimejibu ni ya mwaka juzi, akaniambia nisasishe. Ameuliza kama kuna kitu kingine kinachotumia kadi. Nimejibu hakuna, kwa sababu hakuna.

Nimesasisha draiva. Saa nzima. Programu inaona moja na kidogo, pungufu ya jana.

Nimeangalia jedwali la kikosi. Tuko wanne. Baba mkwe ni wa kwanza kwa pointi, lakini kompyuta yake ni ya zamani na mafungu makubwa haiyawezi. Mimi ni wa tatu. Mwanyumba wangu, aliyemwoa mdogo wa mke wangu, ni wa nne. Yeye ni daktari wa meno, ana gari safi, na baba mkwe humwita kwa cheo. Wa pili ni mtu aliyejiandikisha kwa jina la Mgeni Kimya. Huyu tayari anachambua fungu kubwa! Asilimia kumi na mbili.

Sihitaji kuambiwa. Daktari amejiandikisha mara mbili. Ndiyo tabia ya watu wanaotabasamu sana.

Jumatano, 5 Juni

Akili imenifanyia kazi leo. Nimegundua kwamba programu ina faili moja inayoandika sifa za mashine. Faili ya maandishi tu, unaifungua na kuisoma. Humo imeandikwa memori ya kadi: moja na kidogo. Basi kwa nini nibishane na mashine wakati naweza kuirekebishia maandishi yake? Hata kazini, mita ikisoma vibaya tunasahihisha kwenye daftari.

Nimefuta moja. Nimeandika nane. Kisha nikawaza, mtu akiwa anajiandikia mwenyewe ubahili wa nini. Nikaongeza sifuri.

Jibu lilikuja kabla sijanyanyuka kwenye kiti. Mashine yangu imewekwa pembeni kwa saa ishirini na nne kwa kutangaza kifaa kisichojulikana. Sindano ameandika mstari mmoja kwamba kadi ya gigabaiti themanini ingekuwa na ukubwa wa friji, na kama ninayo friji hiyo angeomba picha.

Mchana baba mkwe amepiga simu. Ameuliza naendeleaje na fungu. Sauti yake ilikuwa na upole usio wa kawaida, ule wa mwalimu anayemwuliza mwanafunzi swali rahisi ili asiaibike. Ulinichoma. Nikasikia mdomo wangu unasema asilimia arobaini, baba.  Akasema vizuri, vizuri sana, hakutegemea.

Nimekaa mbele ya anga yangu mpaka kiungulia cha uongo kikapoa moyoni. Nilijiona niko uani kwangu, darubini imesimama kwa miguu yake mitatu, majirani wamepanga foleni na mimi nawaelekeza taratibu, huyu aangalie mwezi, yule aangalie nyota, msisukumane. Nilikuwa na kofia, sijui kwa nini. Mke wangu akaniita mara tatu kula.

Alhamisi, 6 Juni

Asubuhi mke wangu amekuta nimeifungua kompyuta mezani, napangusa kadi kwa brashi yake laini. Yeye ana studio ya picha, na ile brashi ni ya kusafishia lenzi. Kumbe ni ghali. Hakupiga kelele. Ameichukua, ameitazama, ameipuliza vumbi, akasema, "Baba nanii, zima kwanza hizo nyota zako uone kama hiyo programu haitapata nafasi." Amesema hivyo huku anavaa viatu, kama mtu anayemkumbusha mwenzake kufunga mlango.

Nimemweleza kwa upole kwamba mambo ya memori ni ya kitaalamu kidogo. Anga ni picha tu inayozunguka. Picha haiwezi kula gigabaiti saba. Amesema sawa, akaenda kazini. Nadhani ana wivu na zile nyota. Zamani alikuwa anakaa nami kuziangalia, siku hizi anasema shingo inamuuma.

Baada ya kazi nimefanya upelelezi. Nimekwenda kliniki ya mwanyumba nikajifanya jino linaniuma, ili niione kompyuta yake kwa macho yangu. Mpango ulikuwa mzuri. Sikuwa nimefikiria kwamba ukimwambia daktari wa meno jino linakuuma, atataka kuliona. Alinilaza kwenye kiti, akapiga picha ya taya, na picha ikatokea kwenye ile kompyuta yake. Nikanyoosha shingo. Nikamwuliza, mdomo umejaa pamba, kadi yake ina memori kiasi gani. Akasema mbili tu, shemeji, hii ni ya kuonyeshea meno, mafungu makubwa hata hayaniangalii, mimi namfurahisha mzee tu. Kisha akasema jino kweli ni bovu, tena mawili.

Nimerudi nyumbani nimezibwa matundu mawili, upande mmoja wa uso si wangu. Siamini hata neno lake. Mtu mwenye gigabaiti mbili hawezi kuwa na furaha vile.

Mgeni Kimya: asilimia arobaini na moja.

Ijumaa, 7 Juni

Nimeomba ruhusa kazini kwa sababu ya jino, na kwa mara ya kwanza ruhusa yangu ina ukweli ndani yake.

Adhabu imeisha. Nimemwandikia Sindano nikiwa mnyenyekevu. Amenijibu kirefu, yaani mistari minne. Amesema programu huhesabu nafasi iliyo wazi pale inapoamka. Chochote kilichoamka kabla yake kimeshakalia kiti. Akaniagiza nimtumie orodha ya kila kitu kinachokaa kwenye kadi, nisichague, nisifupishe, nisieleze.

Nimetuma. Nilikuwa sijaisoma mwenyewe. Baada ya muda kidogo akauliza ile Anga Yote inayochukua gigabaiti sita na nusu ni kitu gani.

Nikamjibu kwamba hiyo ni anga.

Akasema, "Izime."

 Nilikuwa nimemwambia Jumanne hakuna kitu, na nilikuwa sisemi uongo, kwa maana ukiniuliza chumbani kwangu mna nini sitakutajia hewa. Nikabonyeza. Mawingu ya zambarau yakakatika katikati ya mzunguko na skrini zote mbili zikawa za kijivu, rangi ya ukuta wa ofisi. Nilihuzunika, sifichi. Nikawasha programu upya. Gigabaiti saba na nukta sita. Saa nane kamili mchana fungu kubwa limeingia.

Saa ishirini za kazi. Litaisha kesho saa nne asubuhi. Mgeni Kimya ana sabini na mbili, na kwa jinsi anavyokwenda, anasimama na kuanza tena, anasimama na kuanza tena, hawezi kumaliza kabla ya saa tano. Nitampita kwa saa nzima. Nimekokotoa mara mbili.

Mke wangu aliporudi nimemwambia nimegundua tatizo. Nilikuwa na wasiwasi atauliza ni nini. Hakuuliza. Ametabasamu tu, akasema hongera, akaanza kukata mboga.

Jumamosi, 8 Juni

Nianze na asubuhi, kwa sababu asubuhi ilikuwa nzuri.

Saa kumi na mbili na nusu: asilimia themanini na mbili. Mke wangu ameondoka mapema, ana fremu za harusi. Nyumba kimya. Kompyuta inavuma chini chini kama mtu anayeimba akiwa hajui anaimba. Nimekaa na chai. Ndani ya kompyuta ile, kilichokuwa kinapita ni anga ya kweli, vumbi la mwanga lililoanza safari kabla ya babu wa babu yangu, na kadi yangu ndiyo ilikuwa inalichekecha. Mimi, wa muhuri. Nimesikia kitu kifuani ambacho sijakisikia tangu siku ile uani kwao.

Saa tatu: asilimia tisini na tano. Saa tatu na robo: tisini na sita. Nimeshachagua pa kuiweka darubini, karibu na dirisha la sebuleni. Nimesogeza kabati.

Shida ilikuwa ile skrini ya kijivu. Tukio kubwa kama hili, na mtu anatazama kijivu. Nikawaza, mtu akifika mwisho wa safari si anastahili kuona alikokuwa anakwenda? Si anga yote. Skrini moja. Dirisha dogo, pembeni, kama stempu. Dakika moja tu, nayaona mawingu yale, nazima. Gigabaiti saba na nukta sita, fungu linataka sita, inabaki moja na nukta sita, na stempu inakula nini?

Nikafungua.

Anga haijui kuwa stempu. Ilifunguka pande zote mbili, dhahabu na zambarau, nzuri kuliko nilivyoikumbuka, na kwa muda nikasahau kuizima. Niliporudi duniani ilikuwa saa tatu na dakika arobaini. Programu ilikuwa imeandika kwa wino mwekundu kwamba memori haitoshi, fungu limeachwa. Asilimia sifuri.

Sindano ameuliza kama nilifungua kitu.  Nimerudisha kabati mahali pake. Nilitaka kulia, na taya nalo bado lilikuwa linauma, nikashindwa kujua nashughulikia lipi kwanza.

Saa tano na dakika sita: Mgeni Kimya, asilimia mia moja.

Jumapili, 9 Juni

Chakula cha mchana kwa baba mkwe. Nimekwenda nimeandaa maelezo kuhusu umeme kucheza. Njiani nimeyarudia, nikaongeza radi, nikaitoa radi kwa kuwa mbingu ilikuwa nyeupe.

Mzee amesimama na karatasi yake kama siku za paredi ya shule. Amesoma jedwali kutoka chini. Daktari: amemshukuru kwa moyo. Mimi: amenitazama juu ya miwani, ameuliza ile arobaini iliishia wapi. Nimesema ilifika tisini na sita, baba. Hilo lilikuwa kweli, na limesikika kama uongo kuliko ile arobaini. Kisha amesema mshindi ni Mgeni Kimya. Nikamgeukia daktari nimwone atakavyojifanya kushangaa. Kweli alishangaa, alikuwa anatazama huku na huku kama mimi.

Mke wangu akaweka sahani chini, akafuta mikono, akasimama.

Mke wangu! Baba yake ndiye aliyemwandikisha, mwezi uliopita, kwenye kompyuta ya studio. Hakutaka jina lake liwekwe kwa sababu, alivyosema, mume wake anapenda kushindana na watu na yeye alitaka tu kusaidia. Mzee akamwuliza amewezaje. Akasema alisoma ule ukurasa wa maelekezo, akafunga programu ya kuhariri picha kila anapotoka kwenda kula au kurudi nyumbani, basi. Watu wakapiga makofi. Nikapiga na mimi. Kwanza niliona aibu, kisha nikaona fahari iliyonipanda mpaka kooni, yule ni wangu yule, kisha nikaona aibu tena kwamba fahari haikutangulia.

Mzee alinishika bega wakati tunaifunga darubini kwenye blanketi. Alisema ile siku ya kwanza aliniona nikiinama pale uani nisitake kuinuka, akamwambia mama mkwe, huyu atamtunza mtoto wetu, huyu anajua kushangaa. Miaka kumi na tisa nimejidhania mzito. Nilijifanya naitafuta kamba.

Njiani mke wangu amesema darubini ni yetu sote, nisinune. Nimemwahidi mambo mengi. Nimemwahidi kwamba kuanzia leo nitakuwa mtu wa kusoma maelekezo kwanza, wa kufungua kitu kimoja kwa wakati mmoja, na wa kusikiliza. Nilikuwa namaanisha kila neno. Alinishika mkono tukiwa sote wawili tumeukumbatia mzigo.

Jumanne, 11 Juni

Siku njema. Darubini iko juu ya paa la nyumba, pale panapoanikwa nguo. Baba mkwe amekuja jioni hii kuonyesha namna ya kuirekebisha. Mbingu safi kabisa, mwezi mwembamba, jua limetoka kuzama. Yeye na mke wangu wamepanda mapema na wanacheka huko juu.

Mimi nitapanda sasa hivi. Ila nimekuwa nikiwaza jambo tangu jana nikiwa dawatini. Darubini ina kasoro moja: anayeona ni mtu mmoja, tena ameinama, na mke wangu shingo yake ndiyo hiyo. Je, kama mwezi wenyewe ungeonekana kwenye skrini? Zote mbili? Tukae sote kwenye viti, na chai? Nimepata kamera ndogo ya kompyuta. Nilipotoka kazini, kabla hawajaja, nimekifungua kile kioo cha kuchungulia kilicho nyuma ya darubini. Skrubu nne tu. Kamera nimeifunga juu yake kwa gundi ya nguvu na imekaa vizuri, haing'oki hata ukivuta. Nimejaribu kuvuta.

Karatasi ya maelekezo ya kamera ni ndefu. Nitaisoma kesho.

Mke wangu ameita kutoka juu, ameuliza kama nimekiona kioo cha darubini. Nimejibu nakuja. Baba mkwe naye ameita, kwa upole ule ule, amesema niharakishe, mwezi unakaribia kuzama na leo vishimo vinaonekana vizuri. Nimesema nakuja, baba, dakika moja. Kompyuta inasema haioni kamera yoyote. Nimewasha upya mara tano. Kosa ni la kompyuta, hilo liko wazi, na nimeshaanza kumwandikia Sindano.